Msoma Habari Aliyefutwa na Waya

"Mwanangu, muziki tunausikia mpaka barabarani, ila msoma habari anafungua mdomo tu." Mkaza mjomba alinipokea na maneno hayo Ngombezi, hata shikamoo yangu haijapoa. Sebuleni mjomba alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye TV, kiganja nyuma ya sikio, rimoti mapajani. Sauti ilikuwa 60 kati ya 100. Vikombe vilikuwa vinalia ndani ya kabati la vioo, na katika taarifa ile ya habari hakuna sentensi niliyoishika nzima.

Nilikuwa nimebeba katoni ya risiva ambayo binamu yangu aliirudisha kutoka Maskati, pamoja na spika tano ndogo na sabufa yake. Kazi niliyoitiwa ilikuwa kuifunga. Siku ya kwanza sikukata hata gundi ya katoni. Ukifunga chombo kipya juu ya tatizo usilolijua, umelificha tu, na siku litakapotokeza hutajua limetoka wapi. Fundi mmoja alikwisha kuja kabla yangu, akashauri wanunue sabufa kubwa zaidi. Lakini malalamiko ya mkaza mjomba yalikuwa na kitu ndani yake: muziki upo, maneno hayapo. Nguvu ikipungua, hupungua kwa vyote viwili. Hapa kulikuwa na kitu kinachochagua.

Nikaanza na waya. Ulikuwa ule wa kawaida unaotoka kwenye tundu la hedifoni la TV kwenda kwenye sabufa ya zamani: upande mmoja pini ya milimita 3.5, upande wa pili vichwa viwili, chekundu na cheupe. Ukiitazama pini kwa karibu utaona vikanda viwili vyembamba vyeusi vinavyoigawa sehemu tatu. Ncha hubeba sauti ya kushoto, sehemu ya kati hubeba ya kulia, na shina ni ardhi, yaani njia ambayo zote mbili hurudia. Nikaipindapinda shingo ya pini huku mjomba akisikiliza. Ghafla msoma habari akatokea, akasema maneno manne, akapotea tena. Nilipouchana ule mpira wa shingoni kwa wembe, nyuzi za ardhi zilikuwa zimekatika zote, zimeota kutu ya kijani, zinagusana pale tu waya unapopindwa.

Wengi hudhani ardhi ikikatika sauti nayo hukatika. Haikatiki. Kushoto, kwa kukosa njia ya kurudia, hurudia kwa kulia, na kulia hurudia kwa kushoto. Kinachobaki kwenye spika ni tofauti kati ya pande hizo mbili. Sasa fikiria studio: msoma habari huwekwa katikati, maana yake sauti yake hupelekwa kushoto na kulia kwa kiasi kilekile. Tano toa tano ni sifuri. Amefutwa. Vinanda, makofi ya watu, mwangwi wa ukumbi, ngoma iliyowekwa upande mmoja, hivyo haviko sawa kushoto na kulia, kwa hiyo vinabaki na kujaa nyumba. Ndiyo maana hata sabufa ya ukubwa wa jokofu isingemrudisha yule bwana. Wangeukuza utupu.

Nilibadilisha waya. Maneno yakarudi, mjomba akashusha sauti mpaka 48. Lakini kiganja hakikutoka nyuma ya sikio.

Mjomba amefanya kazi miaka mingi korona, kwenye kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, kwenye shamba lililo karibu na hapo anapoishi. Kila aliyewahi kusimama kando ya korona inapokula majani anaijua kelele yake: hamzungumzi, mnaoneshana vidole. Kelele ya namna hiyo, kwa miaka, huharibu kwanza usikivu wa sauti kali, hasa eneo la hezi 4,000 na pembeni yake. Sauti nzito humwachia mtu. Kwa hiyo mjomba anausikia mngurumo wa lori linalopanda barabarani kabla yangu, lakini hasikii tofauti ya "pata" na "kata".

Mfano huo sikuuchagua ovyo. Lugha yetu imejaa maneno yanayotofautiana kwa konsonanti moja tu: bata, kata, pata, tata, saba na shaba, faa na saa. Vokali ndizo zenye nguvu, na ziko chini, mahali ambapo masikio ya mjomba bado mazima. Konsonanti ni nyepesi, nyingi zinaishi kati ya hezi 2,000 na 6,000, mahali palepale korona ilipomnyang'anya. Ukiongeza sauti, unaongeza a, e, i, o, u, na vikombe kabatini. Anachokosa huongezeka pia, lakini hubaki nyuma yao vilevile.

"Redio yangu ya mbao," aliniambia jioni ile, "ilikuwa na spika moja tu, mjomba. Na Radio Tanzania nilikuwa sikosi neno." Nililala na kauli hiyo. Watu wa umri wake walikulia kwenye redio. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni mpaka 1994. Ile redio ya mbao ilitoa sauti moja, kutoka mahali pamoja, haina besi ya kutisha, na yote ilikuwa imekaa katikati, palipo na maneno. Risiva iliyokuwa kwenye katoni ilikuwa na uwezo wa kumrudishia redio ile: inaitwa spika ya kati.

Asubuhi, kabla ya kuchomeka chochote, tuligeuza risiva tukasoma kibandiko cha nyuma. Hatua hii usiiruke, hasa kwa vyombo vya mtumba. Chombo cha Oman kimetengenezwa kwa volti 240, sisi tunatumia 230, na hata plagi ni ileile ya pini tatu za mraba. Chombo cha soko la Japani ni cha volti 100, cha Marekani 120. Ukikiweka kwenye soketi yetu bila transfoma ya kushusha, kitatoa moshi mara moja. Nimewaona watu wakipoteza mashine nzuri kwa kutosoma mstari mmoja. Pia tuliweka kilinda umeme, kile kinachosubiri dakika chache umeme unaporudi, kwa sababu ule mshtuko wa kurudi ndio unaoua vyombo.

Njia ya ishara niliipanga hivi: waya wa HDMI kutoka kwenye king'amuzi unaingia kwenye risiva, na wa pili unatoka kwenye risiva kwenda kwenye TV. Picha inapita ndani ya risiva, sauti inabaki humo. Kwenye TV, waya huo wa pili unachomekwa kwenye tundu lenye maandishi ARC, wala si lolote lililo wazi, kwa sababu ni hilo tu linaloweza kurudisha sauti nyuma kutoka kwenye TV, kwa mfano unapoangalia filamu ya kwenye flashi. Kisha ingia kwenye menyu ya TV, uwashe ile huduma ya kuruhusu vyombo vya HDMI kuwasiliana, na uzime spika za TV. Ukizisahau zikiwa zimewaka utasikia kila neno mara mbili, moja nyuma ya jingine, na utailaumu risiva bure.

King'amuzi cha mjomba kinatoa sauti ya njia mbili, kushoto na kulia basi. Spika ya kati itapata wapi sauti yake? Risiva ina mbinu iitwayo Dolby Pro Logic II, iliyotoka mwaka 2000. Inalinganisha pande mbili kila wakati. Kilicho sawa kushoto na kulia inakihamishia kwenye spika ya kati. Kilicho kinyume inakipeleka spika za nyuma. Umeona? Ni hesabu ileile iliyofanywa na waya mbovu, ila sasa inajumlisha badala ya kutoa. Na laiti ningeufunga waya ule wa kale kwenye risiva hii, ingepokea kushoto na kulia vilivyo kinyume kabisa, ikarusha kila kitu nyuma ya makochi, na spika ya kati ingekaa kimya. Ningeirudisha Maskati nikidai mbovu.

Kuna sababu nyingine ya kumpa msoma habari spika yake. Spika mbili zinapocheza sauti moja, ubongo huiweka katikati, lakini kila sikio linapokea spika zote mbili, ile ya mbali ikichelewa kidogo kuzunguka kichwa. Kuchelewa huko kunachimba shimo kwenye sauti karibu na hezi 2,000, mlangoni kabisa mwa konsonanti. Mtu mwenye masikio mazima hulifidia bila kujua. Mjomba hana cha kufidia nacho.

Nyaya za spika tulinunua Korogwe mjini, shaba ya milimita za mraba 1.5, zilezile za kufungia taa. Katoni ilikuja na nyuzi nyembamba kama za kengele. Kwenye umbali wa mita 10, kwenda na kurudi mita 20, waya mwembamba wa milimita za mraba 0.2 una ukinzani wa takribani omu 1.7, na kwa spika ya omu 6 zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu inaishia kwenye waya. Wa 1.5 unakula omu 0.23 tu. Hakuna haja ya waya wa bei ya dhahabu.

Alama za chanya na hasi kwenye spika mbili zilikuwa zimefutika. Tukatumia betri ya redio ya volti 1.5, spika ikiwa haijafungwa kwenye risiva: gusa kidogo na uachie. Koni ikiruka mbele, kilichoguswa na chanya ya betri ndicho chanya ya spika. Ikirudi ndani, geuza. Mjomba aliishika spika ya kati mikononi mwake mwenyewe, akaweka kidole kwenye koni, akawa anatangaza: "Nje. Nje. Hii ndani." Kati ya tano, moja ilikuwa imeungwa kinyume tangu kiwandani au na aliyekuwa nayo kabla. Ingebaki hivyo, sauti za kiume, ambazo zinaanzia karibu na hezi 100, zingekonda pale spika hiyo inapokutana na sabufa, moja ikivuta nyingine ikisukuma.

Spika ya kati tuliiweka chini ya TV, ukingoni kabisa mwa meza, tukainua pua yake kwa kipande cha kandambili ilenge masikio yaliyoketi. Ikirudishwa ndani ya kabati inaongea na mbao. Maikrofoni ya kupimia haikuja na katoni, kwa hiyo tulipima kwa futikamba: kutoka kwenye kiti cha mjomba mpaka spika za mbele mita 3.2, ya kati 2.9, za nyuma 1.4. Sauti hewani kwenye joto letu huenda karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo spika ya nyuma ingetangulia ya mbele kwa kama milisekunde 5. Ni kidogo, lakini sikio hugeukia kinachofika kwanza, na hapo maneno huonekana yanatoka kisogoni. Ukiiandikia risiva vipimo, inachelewesha zilizo karibu.

Viwango niliviweka kwa ile sauti ya majaribio, kama mvua, inayozunguka spika moja moja. Zote zikalingana, kisha nikavunja usawa makusudi: ya kati juu kwa desibeli 3, yaani nguvu mara mbili, na sabufa chini kwa desibeli 4. Vijana wa nyumba walilalamika kuhusu sabufa. Niliwaambia muziki wautafutie saa nyingine. Saa mbili usiku ni ya mzee.

Ile sabufa nayo ilinichukua mchana mzima. Katika kona, ambapo kila mtu huiweka, inaamsha mawimbi yote ya chumba kwa pamoja, na chumba chenye urefu wa mita 4.2 kina wimbi lake kubwa karibu na hezi 42. Tulifanya jambo linaloonekana la kichaa lakini linalofanya kazi: sabufa tuliiweka kwenye kiti cha mjomba, tukapiga wimbo wenye besi ya kutembea, nami nikatambaa ukutani nikisikiliza. Mahali ambapo kila noti ya besi ilisikika sawa, bila moja kuvimba, ndipo tulipoihamishia. Palikuwa kando ya mlango wa jikoni. Mlio wa bati juu ya dari ukapungua, na vikombe vikanyamaza.

Bado chumba. Nilipiga kofi moja, likalia kama kwenye tangi tupu. Sakafu ya sementi, kuta za tofali zilizopigwa plasta laini, makochi ya ngozi bandia. Chumba cha namna hiyo hushikilia vokali, na mkia wa "a" ya kwanza unaifunika konsonanti inayofuata. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kilimpa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, tatizo kama hilo: ukumbi wa mihadhara ambao neno moja liliendelea kusikika kwa zaidi ya sekunde 5. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, usiku kwa usiku, akaipanga, akapuliza filimbi ya kinanda na kupima kwa saa na masikio yake mpaka sauti ikaisha. Akapata kanuni: muda wa mwangwi unategemea ujazo wa chumba na kiasi cha vitu vinavyomeza sauti. Na kipimo chake cha kumeza kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti inayotoka dirishani hairudi.

Dirisha lililo wazi! Sebule ya mjomba ina madirisha mawili ya mbao ya mita 1.2 kwa 1.2, na usiku yalikuwa yanafungwa ili majirani wasilalamikie kelele za 60. Kwa kanuni ya Sabine, chumba chenye mita za ujazo 42 na mwangwi wa kama sekunde 1 hushuka hadi karibu 0.7 kwa kuyafungua tu. Tulifungua. Wavu wa mbu ulibaki, haumzuii msoma habari.

Kilichobaki tulikipata shambani. Mkonge ukishasagwa na kupigwa brashi hubaki singa fupi zisizofaa kamba. Rafiki wa mjomba alileta magunia mawili. Tukatengeneza fremu nne za mbao, kina cha sentimita 10, tukazijaza singa bila kuzishindilia, tukazishonea kitambaa cha pazia, mbili nyuma ya makochi na mbili ukutani pembeni, pale sauti inapogonga mara ya kwanza. Kina ndicho cha muhimu. Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 35, na kitu kinachomeza sauti hufanya kazi vizuri kinapokaribia robo yake. Zulia jembamba peke yake humeza sauti kali tu, zilezile ambazo mjomba anazihitaji. Singa kavu hushika moto haraka, kwa hiyo fremu zikae mbali na soketi na mishumaa.

Jambo la mwisho lilikuwa midomo. TV za kisasa huchukua muda kuichakata picha, na sauti inayopita kwenye risiva hutangulia. Mtu asiyesikia vizuri husoma midomo bila kujua, kwa hiyo kwake kosa hili ni kubwa kuliko kwangu. Nilimtazama msoma habari kwenye herufi m, b na p, ambapo midomo lazima ifunge, nikaongeza ucheleweshaji kidogo kidogo mpaka kwenye milisekunde 80, mfungo na mlio vikakutana.

Saa mbili usiku mjomba alichukua rimoti. Alianza kwa 48 aliyoizoea, akashusha, akashusha tena, akaishia 31. Kiganja kilikuwa gotini. Katikati ya habari za bei ya mahindi alimjibu msoma habari kwa sauti kubwa, akamwita mwongo.

Manyunyu yakaanza, bati likawaka kwa kelele, na hapo hakuna risiva inayosaidia. Mkaza mjomba akaja kufunga madirisha. Mimi nikaandika kwenye kipande cha katoni, nikakigandisha ndani ya mlango wa kabati: kati +3, sabufa −4, midomo 80, TV kwenye tundu la ARC, madirisha wazi mvua ikiisha.